Birika Nililolipindua Darasani

Msinicheke kabla sijamaliza. Mwaka ule sukari ilipoadimika Arua nzima, huku Uganda mpakani na Zaire, nilikuwa nafundisha watu wazima Kiingereza kule Mvara, na kila siku kabla ya somo niliwasema wanaoficha sukari. Niliyemwandama zaidi ni mwanafunzi wangu Mama Zaituni, mzaliwa wa Koboko, mwenye kiduka.

Nyumbani nilikuwa na kilo nzima ya magendo kutoka Zaire. Nilimwagiza mke wangu aifiche mahali ambapo hata mimi nisingepajua. Alinitii.

Siku hiyo tulifika kwenye msemo wa Kizungu: sufuria humcheka birika kwa weusi. Nikaeleza kwamba ni mtu anayemlaumu mwenzake kwa kosa analolifanya mwenyewe. Hawakunielewa. Basi nikakimbia nyumbani kuchukua sufuria na birika letu, wala sikujiuliza kwa nini birika lilikuwa zito.

“Tazameni masizi ya chini,” nikasema, nikalipindua.

Kifuniko kikaanguka, sukari ikafuata, meza yote ikawa nyeupe.

Mama Zaituni akachovya kidole, akaonja bila haraka.

“Mwalimu, sasa mimi naelewa,” akasema. “Sufuria iko wewe.”