Ncha ya Kitambaa Mlangoni

Baba yangu, Datius Mutalemwa wa Kamachumu, alipiga picha za ndege zaidi ya mia mbili. Ya mama yangu alipiga moja tu, na uso haumo.

Kamera yake ilikuwa ya kisanduku, aliyoachiwa na padri mmoja aliyerudi kwao Ulaya mwaka 1931. Tangu hapo kahawa yetu ikamezwa na magugu. Baba alishinda kinamasini, amejificha kwenye mafunjo, maji yakimfika kiunoni, akingoja korongo na yangeyange watue. Watu walimcheka, nami siwalaumu: katika picha nyingi ndege mwenyewe ni kama punje ya ulezi kwenye shuka. Lakini alijifunza jambo moja, kubonyeza bila kutoa sauti. Ndege hatangaziwi.

Mwaka 1934 ikaamuliwa kanisa letu la zamani, la udongo na nyasi, libomolewe ili lijengwe la matofali ya kuchoma. Mama, Verdiana, alikuwa na mimba yangu. Alifungia ndoa humo, na akiwa msichana alibeba kichwani udongo wa kuta zake. Aliomba kitu kimoja tu: apigwe picha mlangoni kabla halijabomolewa.

Filamu ilikuwa na picha nane. Asubuhi hiyo baba akapitia kinamasini kwanza, eti mara moja tu. Alipofika kanisani ilikuwa imebaki moja.

Mama akasimama mlangoni na kitambaa kipya kichwani. Baba akainua kamera mpaka msalaba wa juu ya paa ukaingia, akainamia kioo chake kidogo, kimya, kama yumo kwenye mafunjo. Hakusema "tayari". Papo hapo babu yangu, mzee Bartholomayo, akatokea njiani akitoka migombani. Kwetu Wahaya mke wa mwana hamsalimu baba mkwe akiwa wima. Mama akapiga magoti. Sekunde ileile baba akabonyeza.

Picha ilipotoka kusafishwa Bukoba mjini, ilionyesha msalaba, mlango, na chini kabisa ncha ya kitambaa. Kanisa lilikuwa limeshabomolewa. Mama alicheka mpaka akashika kiuno.

"Basi utanipiga mbele ya jipya," akasema.

Filamu nyingine ikaja kwa meli kutoka Mwanza. Kwa kuwa kanisa jipya lilikuwa bado msingi tu, baba akaimalizia yote kwa korongo. Homa ikamchukua mama nikiwa na miezi minne.

Ile ya kwanza nasema ilikuwa bahati mbaya. Ya pili inaniuma mpaka leo, na baba ilimuuma zaidi yangu.

Nilipoolewa, mwaka 1952, alinisimamisha mbele ya kanisa la matofali na kupaza sauti kama mnadi.

"Clotilda! Simama wima! Usipige magoti hata akipita askofu!"

Wageni waliangua kicheko. Mimi nilitazama kamera, machozi yakinilenga.

Picha ilipokuja, akaipeleka dirishani akaikodolea macho muda mrefu. Huyu ni mtu aliyeweza kumtambua yangeyange wa ng'ambo ya kinamasi kwa miguu yake tu.

"Mwanangu," akaniuliza taratibu, "mama yako alikuwa na kidevu hiki?"

"Ndiyo, tata," nikamjibu. "Hiki hiki."