Lenga-lenga Katikati ya Pamba

Juzi nilipita sokoni Kasongo, upande ule wanaouza mboga, nikaona mama mmoja amepanga mafungu ya lenga-lenga, ule mchicha wa kwetu, juu ya jani la mgomba. Mashina yalikuwa mekundu kidogo, na majani yalikuwa bado na maji ya asubuhi. Nilisimama pale muda mrefu nikiyatazama. Yule mama akaniangalia, akacheka: "Yaya, unanunua ao unahesabu majani?" Nilinunua mafungu matatu kwa haya, nikaondoka haraka. Njiani nilikuwa tayari nimerudi nyumbani kwetu, kule kwenye barabara ya Kabambare, wakati wa Wabelgiji, nikiwa mtoto wa miaka tisa.

Wewe, rafiki yangu, unanijua. Sisemi sana. Basi acha nikuandikie.

Bibi yangu, mama wa baba, alikuwa na mkate ambao mama mwingine yeyote wa kijiji chetu hakujua kuupika. Sisi ni watu wa shamba, watu wa misa ya Jumapili. Vyakula vyetu vilikuwa sombe, yale majani ya muhogo, na muhogo wenyewe, na samaki wa Lualaba wakipatikana. Lakini bibi alikuwa amekaa Kasongo utotoni, katika nyumba ya Waungwana, wale wafanyabiashara Waislamu wa mji ule, na huko alijifunza kupika kwa moto wa juu na moto wa chini. Alifikaje katika nyumba ile? Nilimwuliza mara nyingi. Kila mara alinijibu, "Nilifika kwa miguu, muke mwenzangu." Ndivyo alivyoniita, muke mwenzangu, kwa utani, kwa sababu mjukuu wa kike ni mke wa babu. Zaidi ya miguu hakusema kitu.

Nilipenda sana kumtazama akipika. Aliloweka mchele tangu jana yake, akautwanga, akauchekecha mpaka unga ukawa laini kama majivu. Aliukanda kwa maji ya moto na mafuta ya mawese, ukawa na rangi ya jua linapozama. Nusu aliitandaza ndani ya chungu. Juu yake aliweka lenga-lenga zilizokaushwa maji motoni, pamoja na vitunguu, karanga za kukaanga zilizotwangwa, pilipili moja, na samaki wadogo wakavu. Halafu alifunika kwa nusu ya pili, akabana ukingo kwa kidole gumba, alama moja baada ya nyingine, kuzunguka chungu chote. Chungu kilikaa juu ya makaa machache, na juu ya kifuniko aliweka makaa mengine mengi zaidi. Mimi nilijiuliza: moto unajuaje kushuka? Moshi unapanda, ndimi za moto zinapanda, lakini kwa bibi joto lilishuka. Nilikaa pale nikitazama kifuniko mpaka macho yakawasha. Bibi hakuniruhusu kukifunua. Alisikiliza tu. Mafuta yakianza kulia kwa sauti ndogo, kama mvua ya mbali juu ya majani, alisema umeiva.

Mkate ule haukuwa wa kila siku. Uliokwa mtu akitoka homani, au baba akirudi kutoka kubeba mizigo ya serikali, au mtu akiwa na moyo mzito. Ulikula kipande cha moto, gamba la juu likavunjika chini ya meno na mboga ikatoka na mvuke wake, na kwa muda mfupi ulisahau ulichokuwa unalilia.

Sasa, lenga-lenga zilitoka wapi? Hapo ndipo penye habari yenyewe.

Kiwanja cha nyumba kilitakiwa kuwa kitupu, kimefagiwa, bila hata jani moja. Ilikuwa amri, kwa ajili ya mbu na nyoka, walisema. Na shamba lilikuwa la pamba. Kila mwanamume alipimiwa kipande chake kwa kamba, na kipande hicho kilitakiwa kuwa na pamba peke yake. Mtu akikutwa na majani katikati ya mistari, aliitwa mvivu, akaenda boloko, jela ya serikali, siku saba, na kabla ya kuingia alilazwa chini akapigwa fimbo. Jirani yetu alikuwa amerudi kutoka huko msimu uliopita. Alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa, lakini kwa wiki mbili alikula amesimama.

Bibi alilijua hilo. Hata hivyo, mvua zilipokuja na lenga-lenga kuota zenyewe kati ya pamba, hakuzing'oa zote. Pale ndani, mbali na njia, karibu na kichuguu kikubwa, aliziacha. Alikata majani ya juu tu, shina likatoa mengine. Baba alimwambia, "Mama, shamba hili limeandikwa jina langu." Bibi akamjibu, "Na tumbo lako nani ameliandika?" Baba akanyamaza. Nyumbani kwetu kunyamaza ni kwa kurithi.

Mwaka ule nilikuwa darasa la tatu shuleni kwa masista. Siku moja mwalimu aliniita mbele niseme sala ambayo niliijua toka mwanzo mpaka mwisho. Nilisimama mbele ya watoto wote na sauti haikutoka. Mdomo ulifunguka, ukafungika, kama wa samaki. Watoto walicheka mpaka mwalimu mwenyewe akageuka ubaoni ili asionekane. Nilirudi nyumbani nikilia njia nzima. Bibi hakuniuliza. Aliniangalia tu, akachukua kikapu, akaenda shambani.

Jioni mkate ulipotolewa motoni, aliniambia, "Ukikula hii, sauti itarudi."

Kabla sijapewa kipande, baiskeli ilisimama mlangoni. Alikuwa monitere wa kilimo, mkaguzi wa mashamba wa serikali, mtu mweusi kama sisi, mwenye kaptula ya kaki, viatu vya ngozi na ile kamba ya kupimia mashamba imezungushwa nyuma ya baiskeli. Alikuwa anarudi Kasongo, akasikia harufu. Kwa desturi yetu, mgeni akikuta chakula kimeiva, ni chake kwanza. Hakuna mtu anayeuliza kama anapendwa. Baba alimpa kiti. Mimi nilipiga magoti mbele yake na bakuli na maji ya kunawa, kama binti anavyotakiwa, nikitazama viatu vyake.

Alikula kipande cha kwanza. Alikula cha pili. Alifumba macho. Halafu akasema, "Mama, miaka yote niko natembea mu vijiji, sijakula kitu kama hii. Hii mboga munaitoa wapi? Kila mahali banakula sombe tu."

Bibi alikuwa ameinama kwenye makaa. Baba alikuwa anatafuna. Mgeni akaniangalia mimi, kwa sababu mimi nilikuwa karibu. "Mutoto, unajua wewe?"

Na sauti yangu ikarudi.

"Mu shamba ya pamba ya baba," nikasema, wazi kabisa, kama vile ningesema sala mbele ya darasa. "Toka kichuguu mpaka mustari wa sita. Bibi anakata ya juu, inaota tena."

Nakumbuka jinsi baba alivyoacha kutafuna. Nakumbuka mama akishika mlango. Bibi aligeuka polepole, akamwambia mgeni kwa furaha isiyo yake, "Usimusikilize, Baba. Mutoto iko na homa tangu jana."

Monitere alitazama kipande kilichobaki mkononi mwake. Alikigeuza, akaona ile mboga ya kijani katikati. Halafu akakila chote. Aliomba maji, akanawa, akasimama.

"Kesho niko upande wa Nyangwe," akasema. "Kesho-kutwa nakuja hapa na Muzungu wa kilimo. Tutapita mu mashamba yote." Alikwisha kushika baiskeli, akarudi tena hatua mbili. "Mama, ule mukate mudogo uliobakia, unifungie mu jani."

Bibi akaufunga. Baiskeli ilipopotea, akatema mate chini. "Mulafi. Anakula mukate wa mutu, halafu anamupeleka boloko na jani lake mukononi."

Baba hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alikaa tu kwenye kile kiti cha mgeni, mikono juu ya magoti, akitazama mgongo wa mikono yake. Mimi nilifikiri juu ya jirani akila amesimama.

Asubuhi jua lilipotoka tulikuwa wote shambani: baba, mama, bibi, mimi, na jirani na mke wake. Tuling'oa lenga-lenga zote na mizizi yake. Sikujua kwamba zilikuwa nyingi vile. Rundo lilinifikia kifuani. Baba alitaka tuzitupe kijitoni, lakini jirani alisema maji yatazipeleka mpaka kwenye daraja, na kila mtu ataziona. Kuzifukia ni kuonyesha udongo mpya. Kuzichoma mbichi ni kuita moshi. Bibi alisikiliza, kisha akapandisha kikapu kichwani. "Lenga-lenga yangu sitaitupa, na sitaichoma. Muniletee vyungu."

Aliazima vyungu vya kijiji kizima. Mchele haukuwa umelowa vya kutosha, unga ukatoka na chenga. Karanga ziliisha kwenye chungu cha tano. Lakini siku ile watu wote walikula mkate wa bibi: wazee, watoto, hata katekista, ambaye hakuuliza kitu. Moto wa juu na moto wa chini ulijaa kiwanja chetu kilichofagiwa. Jirani alikaa na kipande kila mkono, akicheka kicheko chake cha zamani. "Mama, ongeza! Nimekula vyakula vingi, lakini leo ndiyo mara ya kwanza ninakula kesi!" Halafu akaniona nimejificha nyuma ya kinu. "Na wewe, Mama Sauti! Dawa ya bibi yako ina nguvu, hee! Umepona kabisa!"

Watu walicheka, nami nikacheka kidogo. Sikula.

Siku ya pili yake walikuja. Mzungu alikuwa mrefu, mwenye daftari na kofia. Alitembea katikati ya mistari na baba nyuma yake, na monitere kando. Mimi na bibi tulisimama kwenye ukingo wa shamba. Pamba ilikuwa safi. Lakini ardhi ilikuwa imejaa vishimo, pale mizizi ilipotoka. Mzungu akasimama, akaonyesha kwa kalamu. "Hii ni nini?"

"Amepalia jana, Bwana," monitere akasema. "Ni mutu wa bidii."

Mzungu akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaanza kuandika. Na hapo mimi, ambaye kazi yangu ni kutazama, niliona. Chini ya kichuguu, hatua moja tu kutoka kwenye magoti ya Mzungu, tulikuwa tumesahau shina moja. Lilikuwa refu kama mkono, jekundu, limechanua vizuri. Nilibana midomo yangu kwa meno.

Monitere naye aliliona; bibi alikuwa anatazama kalamu ya Mzungu tu. Hakuharakisha. Alisogea kama mtu anayetafuta kivuli, akaweka kiatu chake cha ngozi juu yake, akalikanyaga, na akasimama pale pale mpaka Mzungu alipomaliza kuandika na kufunga daftari. Aliponyanyua mguu, alizungusha kisigino mara moja, kama tunavyofanya kuua mende. Kisha akaniangalia mimi. Hakucheka wala hakukonyeza. Aliniangalia tu, kisha akamfuata Mzungu.

Kwa bidii yake, baba aliongezewa kipande kingine cha pamba msimu uliofuata. Palizi ilikuwa kali zaidi, na lenga-lenga hazikuota tena kwetu. Bibi alijaribu mkate kwa sombe, akajaribu kwa matembele. Alionja, akauweka chini. Hakuupika tena.

Na monitere? Alipita mara nyingi na baiskeli yake. Alisalimia, "Mama, jambo." Bibi hakuitika hata mara moja. Alimwita Mulafi mbele ya watu, kanisani, kisimani, na watoto wakajifunza kumwita hivyo. Mimi nilikuwepo. Nilijua kuhusu kiatu, na nikaanza kufikiri pia juu ya ile siku ya Nyangwe, siku moja nzima aliyotuachia. Mara kadhaa nilimwendea bibi jikoni ili nimwambie. Mdomo ulifunguka, ukafungika. Nilikuwa nimesema mara moja katika maisha yangu, na baba alikaribia kulazwa chini. Niliogopa kusema mara ya pili.

Yule mtu alihamishwa, na hakuna aliyejua kwa hakika ni wapi. Bibi alifariki miaka miwili baadaye, akiwa bado hajamwitikia.

Lenga-lenga za sokoni nilizipika jana. Chungu ni cha kuazima, na moto wa juu niliuweka kidogo mno, mkate ukabaki mweupe upande mmoja. Niliinama, nikasikiliza mafuta yakilia. Kisha nilikata kipande cha kwanza, kile cha mgeni, nikakifunga katika jani la mgomba, nikakiweka kwenye kiti karibu na mlango. Nikasema kwa sauti, peke yangu ndani ya nyumba, "Bibi, alilikanyaga."