Nilimwambia Angoje Teksi Kwenye Kijiji Kisicho na Magari

Nilikosa. Niliseme hilo kabla sijaanza kujitetea. Kosa langu la kwanza kabisa hapa Riyadh lilikuwa kujifanya najua kila kitu.

Mimi ni kijana Mkenya, dereva wa nyumbani kwa familia moja ya hapa. Ninachojua nimejifundisha mwenyewe kwa simu: barabara, Kiarabu, hata kurekebisha injini. Nikikosea kidogo, sili wala silali. Basi yaya wa nyumba ile akaniita Profesa, nami nikalipenda jina. Mjinga mimi!

Huyo yaya nitamwita Mwende. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, lakini madam, mke wa bosi wetu, hakutaka kumwachia aende kwao. Pasipoti yake aliifungia kabatini. Familia ilipopanga likizo kwenye milima ya Alpi, na Mwende aende nao kuwalelea watoto, akanifuata nikiosha gari.

"Profesa, binamu yangu anaishi mji ulio chini ya hiyo milima. Nipangie nimfikie."

Nikapanga! Nilitazama ramani mpaka macho yakaniwasha. Nikamwambia wakienda kuteleza kwenye theluji, atoke hotelini, asimamishe teksi, ampe dereva anwani.

"Rahisi kama kwenda sokoni Batha," nikajigamba.

Siku ilipofika akanitumia ujumbe wa sauti, akihema.

"Profesa, mbona huku hakuna magari? Naona farasi na vigari vya umeme vya kubebea mizigo tu. Teksi yako iko wapi?"

Ole wangu! Nilipima kila njia, nisisome kwamba kijiji walichofikia hakiruhusu magari. Ningesema tu "sijui, uliza watu." Nikashindwa.

"Ngoja hapo hapo. Inakuja."

"Una hakika? Viatu vyenyewe ni hivi vya Batha, vidole sivisikii."

"Niamini, Mwende."

Akaniamini! Kumbe stesheni ya treni ya kushuka bondeni ilikuwa nyuma tu ya hoteli. Mpita njia yeyote angemwonyesha. Nami niko Riyadh, simu mkononi, namtafutia teksi ambayo haipo!

Katika sauti ya mwisho nilimsikia madam nyuma yake: "Wewe! Mkoba wa nini? Halas! Mafi simu tena!"

Yaani basi, hakuna simu tena. Tangu hapo namba yake haikupatikana.

Waliporudi, Mwende akapelekwa Jeddah, kwa dadake madam, mtaa wa Al-Baghdadiyah. Bosi aliponituma nipeleke mizigo huko, yeye ndiye aliyenifungulia geti. Amekonda, jamani!

"Mwende, nisamehe. Sikujua."

"Ungesema hujui," akanijibu. "Yalla, shusha mizigo. Watoto wanalia."

Akafunga geti.

Sina la kufanya. Nikimwambia bosi ukweli, kwamba mpango ule ulikuwa wangu, nitamwongezea Mwende mateso. Nikinyamaza, anazeeka mle ndani. Binamu yake hunipigia kuniuliza habari zake, nami sina hata moja.

Wenzangu, mtu akikukabidhi maisha yake, usione haya kusema hujui. Haya yako ataililia mwingine!

Siku hizi nikiulizwa nisilolijua, nasema sijui. Mwende bado yuko Jeddah.