Kamikazi Haamini Alama ya Kijani

RUBAVU. Saa mbili na nusu asubuhi, Jumanne ya mvua mwezi Machi, kiti cha Mudathiru, mwenzake wa kazi, kiko tupu. Kamikazi anamwandikia ujumbe: uko wapi? Simu yake inamwonyesha hapo hapo kwamba ujumbe umefika. Anatulia, anaendelea na kazi.

Wakati huo simu ya Mudathiru ilikuwa mfukoni mwa koti lake, na koti lilikuwa hospitali. Pikipiki aliyoipanda kutoka Nyundo iliteleza mteremkoni kabla ya saa moja. Hakuwa hai tena.

"Simu ilisema umefika," anasema Kamikazi, mwenye umri wa miaka 29. "Mi nikasema bon, sawa, anakuja. Umefika kwa nani?"

Kazi yake ni kupima programu za kompyuta, katika ofisi ya watu watano juu ya duka la fundi cherehani mjini Gisenyi, wilayani Rubavu. Machi hiyo walikuwa wanamalizia programu ya kituo cha kulelea watoto kilicho karibu na mpaka. Wanawake wanaovuka kila siku kwenda kuuza Goma, upande wa Kongo, huwaacha watoto wao hapo. Mtoto akishikwa na homa, mlezi anabonyeza kitufe, mama anapata ujumbe na kurudi.

Majaribio ya programu hiyo aliyaandika Mudathiru, yote 214. Kamikazi aliyarithi wiki moja baada ya mazishi. Alipoyaendesha, kila moja lilitoa alama ya kijani, maana yake limepita.

"Hata moja nyekundu hakuna," anasema. "Hapo ndipo mashaka yalianza."

Majaribio ya aina hii hayatumi ujumbe wa kweli. Mtandao wa simu hutoza, huchelewa, na siku nyingine hukatika, lakini jaribio linatakiwa liishe kwa sekunde. Kwa hiyo programu huwekewa mtandao bandia. Ipo inayoitwa stabu, ambayo kazi yake ni kutoa jibu ililopewa tu. Ipo na moki, ambayo hukagua pia kama imeitwa inavyopaswa, mara moja na kwa namba sahihi.

Moki za Mudathiru hazikuwa na kasoro. Stabu yake ilijua jibu moja: umefika.

Mkuu wa ofisi, Niyomugabo, alitaka programu ianze Jumatatu. Alimwambia Kamikazi amwache marehemu apumzike. Kamikazi alikataa kusaini kwamba programu iko tayari. Niyomugabo akamtania kwamba sasa ataanza kuishuku hata chai ya ofisi.

"Na chai niliiangalia," anasema Kamikazi, bila kucheka.

Alhamisi aliomba kufuatana na Xavérine, muuza karoti, ambaye binti yake Nziza wa miaka mitatu hulelewa kituoni. Kabla ya kufika mpakani, Xavérine alifungua simu yake ndogo, akatoa laini ya Rwanda, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akaweka ya Kongo. Kamikazi akamuuliza sababu.

"We dada, simu yangu iko na tundu moja," Xavérine akamjibu. "Wateja wangu wote wako Goma. Ile ya Rwanda inalala mupaka nirudi."

Kamikazi akauliza, na Nziza akiugua?

Xavérine akasimama na beseni lake kichwani. "Si mulisema mutanitafuta?"

Ujumbe wa kujaribia ulitumwa kutoka kituoni saa nne asubuhi. Xavérine aliuona saa kumi na moja jioni, laini iliporudi kwenye simu. Mtandao wa kweli ulikuwa umejibu "unasubiri." Programu, ambayo haikuwahi kukutana na jibu hilo, ililichukua kama "umefika" na kumwonyesha mlezi kwamba mama amepata habari.

Simu ya Mudathiru ilikuwa ya laini mbili. Ya mama yake pia, na za wenzake wote pale ofisini. Hakuna aliyewahi kuvuka mpaka akiwa na nusu ya simu.

Kisha Kamikazi alikuta kitu kingine. Kando ya majaribio 214 kulikuwa na moja lililowekwa pembeni lisiendeshwe. Lilikuwa na jina, "laini imezimwa," na ndani hamna kitu. Liliandikwa Jumatatu, siku moja kabla ya ajali.

"Sijui kama alitaka kulimaliza ao alikuwa analificha," anasema. "Nilikula na ule mutu sahani moja miaka mitatu. Kumushuku kunaniuma. Lakini sikuacha."

Programu ilichelewa wiki tatu. Stabu sasa imefundishwa majibu matatu: umefika, unasubiri, umekataliwa. Kila mama ameandikisha namba zake mbili, ya hapa na ya Goma. Na kwa kuwa stabu haiwezi kujua asichokijua aliyeiandika, kila Alhamisi Kamikazi huvuka na simu ya tundu moja. Anataka, mwaka huu, vituo vingine viwili vya mpakani vipate programu hiyo, ila si kabla hajavuka mpaka na mama mmoja wa kila kituo.

Jaribio la "laini imezimwa" amelijaza. Jina la Mudathiru hakuliondoa, na jaribio hilo huliendesha kwanza kila asubuhi.

Kituoni, neno "umefika" halitoshi tena. Mama anatakiwa ajibu kwa kubonyeza namba moja. Dakika kumi zikipita bila jibu, mlezi Umutoni hutoka kwenda kwenye foleni ya mpakani, kumtafuta mwanamke anayevuka na anayemjua mama huyo kwa sura, ampelekee habari.