Jino la Lutala

Katika Likasi nzima, mji wetu wa migodi, nilikuwa peke yangu mwenye kazi ya kunyoosha meno. Nilisomea Ubelgiji, na niliporudi mama yangu alikuwa amekwisha kuzikwa, na ndugu zangu walinitazama kama mtu aliyetumwa kukagua vyoo vyao. Nikapanga nyumba ya Mgiriki mmoja aliyeondoka mbiombio. Chumba cha mbele nikaweka kiti cha wagonjwa, cha nyuma nikaweka kitanda. Katikati palikuwa na mlango, nao sikuufunga kamwe, maana hakuna aliyeuvuka ila mimi.

Wagonjwa wangu wengi walikuwa watoto wa wakubwa wa kampuni ya migodi. Kazi yenyewe ni ya polepole: unafunga vyuma, unakaza waya kidogo, mtoto anarudi mwezi ujao, unakaza tena. Ukikaza kwa hasira jino linakufa. Hasira ninayo, muulize yeyote wa mtaa ule, lakini mikono yangu haikuwahi kuwa nayo. Na nilijiwekea sheria moja: sigusi kinywa cha mtoto kabla hajaniambia mwenyewe anataka nini. Wazazi hawakuipenda. Baba mmoja, abakosti yake, ile suti ya serikali isiyo na tai, imepigwa pasi hadi inang'aa, aliniambia, "Citoyenne," yaani mwananchi wa kike, jina la heshima la siku zile, "minye njo nilimuleta, si yeye." Nikamjibu kama ni yeye aliyemleta, basi akae yeye kitini nimfunge vyuma.

Alhamisi ilikuwa ya watoto wa shule ya masista wa Kambove, walioletwa na gari la misheni. Humo ndimo alimokuja msichana mmoja, umri wake kama miaka kumi na mitatu. Meno yake ya juu yalitokeza mbele hata midomo haikukutana, na mkono wake wa kushoto ulikaa kinywani saa zote. Nilimuuliza anataka nini.

"Nataka kufunga kinywa," akasema kupitia vidole.

"Hilo tu?"

"Njo ile tu."

Nikamtazama vizuri. Nafasi haikuwepo. Ili meno ya mbele yarudi nyuma, ilinibidi ning'oe mawili ya pembeni, moja kila upande. Nilipomweleza hivyo alishuka kitini na kuanza kuvaa viatu.

"Jino hapana. Kaza tu."

"Bila kung'oa haiwezekani."

"Basi uniache hivi hivi."

Sista aliyemleta hakujua sababu. Alhamisi iliyofuata msichana alikuja na kambo yake. Ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Alikuwa kizee kifupi mwenye kitenge safi, na uso wa mtu asiyetaka kubembelezwa. Alimtuma msichana nje, kisha akanieleza. Mtoto huyu ni lutala, yaani aliota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Nasikia huko pwani wanamwita kigego. Zamani mtoto wa namna hiyo hakuachwa aishi. Siku hizi anaachwa, lakini kila mtu anajua kwamba jino lake likitoka linaondoka na mtu wa jamaa yake. Lilipotoka la kwanza la utoto, mama yake alikufa kwa homa. Likafuata lingine, na baba yake hakurudi kutoka mgodini.

"Na jamaa wengine?" nikauliza.

"Balikimbia. Mumoja iko Kakanda, mwingine alienda kule Koni. Kama uko mbali, jino haikuone. Ata salamu habatume."

"Nani alibaki?"

"Minye tu."

Hapo nikaelewa. Mtoto hakuogopa koleo langu. Duniani alikuwa na mtu mmoja, na mimi nilikuwa namwomba amweke huyo mmoja hatarini ili apate midomo ya kufunga. Ningeweza kusema homa ni homa na mgodi ni mgodi. Nilikuwa na diploma ukutani ya kunisaidia kusema hivyo. Lakini kizee yule angekufa siku moja, kama wote tunavyokufa, na mjukuu angejua ni nani aliyemuua. Meno yangenyooka, mtoto angepinda. Tiba ya namna hiyo mimi siifanyi.

Sijui maneno yalitoka wapi. Nilisema, "Basi linichukue mimi."

Kambo alinitazama kama mtu anayepima kitambaa. "Weye uko muntu wa inje. Lutala haikamate mugeni."

"Nifanye nini niwe wa ndani?"

"Ukuye kula kwetu."

Jumapili baada ya misa nikapanda basi la Kambove. Kwao palikuwa na bukari, yaani ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wadogo wa mto Lufira. Nilikwisha kuzoea sahani yangu na uma wangu, meza ya mtu mmoja. Pale tulikula watatu katika sinia moja, chini kwenye mkeka, na mikono yetu ikagongana kwenye sombe. Kambo alimega bukari, akaibonyeza kwa kidole gumba, akachota mboga na kuniwekea mkononi.

"Kula, mwana yangu," akasema. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Huyu ni mama yako mukubwa. Umeona? Anakula kwetu."

Tangu mama yangu afe hakuna aliyekuwa ameniita mwana. Machozi yakanitoka. Nikasingizia pilipili, na pilipili haikuwepo.

Msichana alikuwa ananitazama. "Hauogope?"

"Naogopa," nikasema. Na kwa kweli niliogopa kidogo, pamoja na diploma yangu.

Alhamisi iliyofuata alikaa kitini mwenyewe. Kabla ya kufungua kinywa aliniuliza mara ya mwisho, "Mama mukubwa, ni weye mwenyewe ulitaka?" Nikamwambia ni mimi. Nikamchoma sindano, nikangoja ganzi iingie vizuri, nikang'oa moja, kisha la pili. Hakulia. Alinikodolea macho mimi tu, akitaka kuona kama ninaanguka. Meno nikayafunga katika pamba nikampa kambo, naye akayapeleka anakokujua. Sikumuuliza wapi.

Tangu siku hiyo kila mwezi alipoingia hakwenda kitini kwanza. Alikuja kwangu, akanishika kifundo cha mkono, akasikiliza kwa vidole.

"Uko muzima?"

"Niko muzima."

"Unakula?"

"Nakula."

"Unakonda, mama mukubwa. Unakula mikate ya bazungu, ile haishibishe muntu."

Hapo ndipo alipokaa na kufungua kinywa. Mwezi mmoja alinikuta na malaria, macho ya manjano, hata waya siwezi kuushika. Alirudi Kambove analia njia nzima, sista aliniambia baadaye. Kesho yake kambo alishuka kwenye basi na bukari iliyofungwa katika kitambaa. Akavuka ule mlango wa kati bila kupiga hodi, akaketi pembeni ya kitanda changu mpaka nikamaliza kula. "Usikufe sasa," akaniambia. "Mutoto ataniua na machozi." Sijawahi kupewa sababu nzuri kuliko hiyo ya kupona.

Msinielewe vibaya, salamu sikuzikosa. Mji mzima ulinisalimu: jambo docteur, jambo citoyenne. Lakini hizo ni salamu za kupitia, mtu anauliza huku mgongo umekwisha kugeuka. Aliyeuliza na kungoja jibu alikuwa mmoja, naye aliuliza mara moja kwa mwezi. Siku zingine zote nilikuwa naingojea Alhamisi yake, na ninalisema wazi kwa sababu nimezeeka na aibu imenipungua.

Meno yalitii. Yalirudi nyuma kidogo kidogo mpaka Alhamisi moja nikamwambia aume, nikapitisha kioo changu kidogo pande zote, nikaona kazi imekwisha. Masista walikuwa wamempatia nafasi ya shule ya bweni Lubumbashi, ila walisema hatakwenda kabla ya vyuma kutoka. Nilikaa na kioo kile mkononi. Ningeweza kusema bado. Ningeweza kusema jino moja linanitia wasiwasi, tulingoje nusu mwaka zaidi. Nani angejua? Kutoka Likasi hadi Kakanda hapakuwa na mtu wa kunisahihisha. Na vyuma havingemdhuru sana, angekaa navyo tu, akija na kunishika mkono.

Nikachukua koleo dogo nikaanza kuvitoa.

Nilipomaliza nikampa kioo cha ukutani. Hakuangalia meno. Alifunga midomo, akaiacha imefungwa muda mrefu, akipumua kwa pua kama mtu aliyeingia nyumba mpya na kujaribu milango. Kisha akacheka. Mkono wa kushoto ukainuka kwa mazoea, ukafika shingoni, akaurudisha mapajani. Nikampa kibati cha kushika meno yasirudi mbele, cha kuvaa akilala, nikamwonyesha jinsi ya kukiosha.

Mlangoni alinishika kifundo cha mkono kwa mara nyingine.

"Mama mukubwa, kambo iko muzima. Na weye uko muzima. Byuma biliisha, jino haikukukamata." Alikuwa anang'aa kwa furaha. Aliona ananipa zawadi. "Sasa uko huru. Sitakusumbua tena."

"Aksanti, mwana yangu," nikamwambia, na nikasimama barazani mpaka gari la misheni likakata kona. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo.

Alhamisi ya mwezi uliofuata gari lilileta watoto wengine. Wa kwanza kuingia alikuwa mvulana mdogo, mgeni kabisa kwangu, amesimama mbele yangu akingoja kuambiwa akae wapi. Mimi nilikuwa nimekwisha kukunja mkono wa koti langu na kumnyooshea kifundo cha mkono.

"Niko muzima," nikasema.

Akautazama mkono wangu, akanitazama usoni. "Sikuuliza, docteur," akasema kwa adabu.