Rufaa ya Fundi wa Piano

Aoko, Mkenya aliyeishi Nsambya kwa miaka kumi na miwili, alikuwa fundi wa piano. Makanisa mengi ya Kampala yalimjua. Mwaka 2011, mwenye karakana moja huko Marekani alimwombea kibali cha kazi. Ombi likakataliwa. Mwajiri akakata rufaa, nayo ikagonga mwamba.

Barua ilipofika, Aoko aliitupa mezani. "Wameona sifai," alimwambia mumewe, Byron.

Byron alivaa miwani akaisoma neno kwa neno. "Mama Travis, wewe hawajakugusa. Mwajiri wako aliomba fundi, ila hakuonyesha kwamba kazi hiyo inahitaji digrii, kama kibali hicho kinavyodai, wakamkatalia. Kwenye rufaa akakugeuza meneja. Wanasema rufaa huangalia kazi ile ile iliyoombwa mwanzo, haibadilishwi njiani."

"Meneja? Mimi?"

"Tena mwenye wafanyakazi wanane chini yako."

"Wanane!" Aoko aliangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. "Na hapa nyumbani hata kuku hawanisikii!"

Kesho yake, moyo ukiwa mwepesi, alimwandikia mwajiri kwamba akitaka kujaribu tena, aanze upya, aeleze kazi ya fundi ilivyo, na umeneja auache. Jibu lilichelewa, lakini hakuwa na muda wa kulisubiri. Kwaya moja ya Kyambogo ilikuwa na tamasha Jumamosi, na panya walikuwa wamezaa ndani ya piano yao.