Vigae Juu ya Mfuniko

Mtaani walimwita Mshoni, na jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwa wazee wachache na kwenye kadi ya zahanati. Alishona sare za watoto wa shule, na sifa yake ilikuwa pindo. Pindo la Mshoni halikufumuka hata mtoto apande ukuta na kuushuka kwa makalio. Cherehani yake aliiweka chini ya dirisha la nyuma, akisema anatafuta mwanga. Mwanga ulikuwepo dirisha la mbele pia, tena wa kutosha. Ila dirisha la nyuma lilitazama uani kwa mdogo wake.

Mdogo mtu naye aliitwa Msusi kwa kazi yake ya nywele. Walitoka tumbo moja, wakaachiwa na baba yao kiwanja kimoja, wakakigawa kwa ua wa michongoma. Mshoni ndiye aliyetangulia kujenga, siku zile mumewe, dereva wa lori, bado alikuwa na nguvu na safari. Msusi alijenga baadaye, na ajengaye baadaye huwa amekwisha kuyaona makosa ya mwenzake. Madirisha yake yakawa mapana. Paa lake halikupiga kelele mvua ikinyesha. Maua yake yalichanua hata msimu ambao ya Mshoni yaligoma. Mshoni aliyaona yote hayo, na kila moja lilimchoma kama sindano iliyosahauliwa kwenye kiti.

Kitu kimoja tu alikuwa nacho ambacho Msusi hakuwa nacho, nacho ni mama yao. Baba alipofariki, ndugu walimuuliza mama atakaa kwa nani. Akajibu, "Kwa mkubwa." Basi, hakuongeza neno. Mshoni aliyaweka maneno hayo mawili kama watu wanavyoweka dhahabu. Alimpa mama chumba cha nyuma chenye bafu na choo chake, na mteja akija kupima nguo, hata kama mama hakuitisha kitu, Mshoni alikuwa akisema kwa sauti ya kuvuka michongoma, "Ngoja kidogo, nimpelekee mama yangu maji."

Siku moja Msusi akaweka vigae uani kwake. Mama alialikwa kuviona, akarudi akijifuta miguu mlangoni.

"Ua wa mdogo wako unang'aa," akasema. "Mtu angeweza kulala pale bila mkeka."

Mshoni hakulala vizuri, mkeka ama kitanda. Wiki haikuisha akamwita fundi wa vigae. Sasa, uani kwake ndiko lilikokuwa shimo la choo, na mfuniko wake wa zege, wenye vyuma viwili vya kushikia, ulikaa katikati ya ua kama kiraka kwenye gauni la harusi.

"Mama, hapa kwenye mfuniko tuache nafasi, au niweke kigae cha kuinuliwa?" fundi akamuuliza Mshoni.

"Hicho cha kuinuliwa kitaonekana?"

"Kidogo tu, kwenye ukingo."

"Kwa mdogo wangu kinaonekana?"

"Kwake shimo liko pembeni, nyuma ya maua."

"Basi funika kabisa."

"Na siku ya kulinyonya shimo?"

"Wewe ni fundi vigae au fundi choo?"

Fundi akacheka, akafunika. Dereva, ambaye maneno yake yalikuwa machache kama nywele zake, alisimama kibarazani na kikombe mkononi. "Mke wangu," akasema, "umelizika shimo likiwa hai."

"Kunywa chai yako, inapoa."

Mama naye akatolewa nje aone. Alivikanyaga vigae taratibu na fimbo yake. "Vizuri sana," akasema. "Vinateleza kidogo tu. Vya mdogo wako havitelezi." Hakusema kwa ubaya. Mama ni mtu wa kusema alichokiona. Lakini Mshoni alirudi kwenye cherehani akavunja sindano mbili kabla ya jioni.

Kila baada ya muda, mvua zikikaribia, gari la kunyonya maji taka lilikuja kwa Msusi. Lilikuwa likinguruma mtaa mzima, bomba lake nene likitambaa kama nyoka mwenye haki zake. Na kila lilipokuja, Msusi alisimama kwenye pengo la michongoma.

"Dada, gari liko hapa. Wapitishe bomba na kwako tumalize shughuli moja."

"Shimo langu halijajaa."

"Shimo likijaa halipigi hodi, dada."

"Lako linajaa kwa sababu ya wateja wako, wanakaa kutwa nzima wanakunywa soda. Kwangu tunaishi watu wachache, tena wastaarabu."

Wateja wa Msusi walicheka na vichwa vyao nusu vimesukwa. Mshoni naye akacheka, ila lililokuwa moyoni lilikuwa jingine. Kwanza, bomba lingepita wapi bila kuvunja vigae? Pili, na hili ndilo lililokuwa zito, mtaa ungesema hata uchafu wa Mshoni unaondolewa na mdogo wake. Bora ukae. Enzi za nyuma Dereva alikuwa akiita gari la kunyonya shimo bila kuambiwa na mtu, kama anavyobadilisha oili ya lori. Tangu vigae, akaacha. Alikuwa ameambiwa anywe chai yake, akanywa.

Shimo la choo lina tabia yake, hata kama hulitazami. Uchafu mzito hukaa chini, maji ya juu hutoka kwenda shimo la pili na kunywewa na ardhi. Usipoutoa ule mzito, unapanda, unapanda, mpaka unatoka pamoja na maji na kuiziba ile ardhi isinywe tena. Hapo maji hayana pa kwenda ila kurudi yalikotoka.

Kwa Mshoni yalianza polepole. Sinki lilikuwa likikoroma kama mzee baada ya chakula. Kando ya vigae ukaota mstari wa majani mabichi wakati kila mahali pamekauka. Kisha ikaja harufu. Mshoni aliinusa, akasimama, akajua ni ya nani. Akajifunga kitambaa kichwani, akavuka pengo.

"Mdogo wangu, nimevumilia vya kutosha. Shimo lako linatutia aibu."

Msusi alikuwa na mteja kitini. Aliweka kitana chini, akaenda nyuma ya maua, akainua mfuniko wake kwa vyuma, akasogea pembeni. "Chungulia, dada."

Mshoni alichungulia. Maji yalikuwa chini, yametulia. Yule mteja kitini, mwanamke mwenye mdomo usio na kufuli, akasema kama anajisemea, "Nyani haoni kundule."

Mshoni akarudi kwake. Akafunga dirisha kwa ajili ya harufu, halafu akalifungua tena, kwa sababu dirisha likifungwa hamwoni Msusi.

Ndipo siku moja asubuhi, akiwa anaunga mkono wa shati, akamwona mama yake. Alikuwa anapita kwenye pengo la michongoma na fimbo yake, anaharakisha kama mtu aliyeitwa. Akaingia kwa Msusi. Alipotoka, uso wake ulikuwa umetulia, kama uso wa mtu aliyepata alichokuwa anakitaka.

"Mama, ulikuwa wapi?"

"Kunyoosha miguu."

Kesho yake tena. Na kesho kutwa. Mshoni aliacha hata kukanyaga cherehani, akawa anasubiri. Msusi alimpokea mama mlangoni, akamshika mkono, wakaingia ndani. Wanafanya nini humo? Bila shaka anampa chai ya maziwa. Bila shaka anamsuka, anamkanda mgongo, anamwambia mama hamia kwangu, kwangu kuna nafasi. Ana nyumba, ana vigae, ana maua, ana wateja wa kucheka naye, na sasa anataka na mama.

"Una nini siku hizi?" Dereva akamuuliza.

"Mdogo wangu ananiibia mama."

"Mama haibiwi. Ana miguu."

"Ndiyo hiyo miguu inayoibiwa."

Mchana huo akachukua kipande cha bati na waya, akaliziba pengo kwa mikono yake mwenyewe. Mama akatoka, akalitazama bati kwa muda mrefu.

"Mbwa wanapita," Mshoni akasema.

"Mbwa," mama akaitikia. "Sawa, mwanangu."

Kuzunguka kwa barabarani kulikuwa na mtaro na mteremko, na miguu ya mama haikuwa ya mitaro tena. Akawa anakaa chumbani kwake. Kikombe cha maji alichopelekewa asubuhi kilirudi kimejaa, na cha mchana vilevile. Chai alionja, akaisukuma. Mshoni aliona yote hayo, akayasoma kwa miwani ileile. Amenuna, akawaza. Ananuna kwa ajili ya yule. Akamwekea soda, kama wateja wa Msusi. Soda nayo ikarudi.

Haikuchukua muda mama akaanguka uani, juu ya vigae. Hakuteleza. Alikaa tu, kama nguo inayodondoka kwenye kamba, akashindwa kuinuka. Msusi aliusikia mshindo wa fimbo, akaling'oa lile bati kwa mikono, akaja mbio. Wakambeba wote wawili hadi zahanati, mmoja huku mmoja kule.

Nesi alimbana mama ngozi ya mkono, akatazama ulimi wake. "Bibi amekauka. Hanywi maji?"

"Ninampa," Mshoni akasema upesi. "Kila siku ninampa mimi."

"Simuulizi anayempa, namuuliza anayekunywa. Bibi, kwa nini hunywi?"

Mama akatazama ukuta. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemsengenya mtu anayempenda, "Nikinywa nitataka kwenda. Nikienda, yanapanda."

"Yanapanda nini?"

"Maji ya choo. Yananifika kwenye vifundo. Nafuta, yanarudi. Nafunga mlango ili harufu isiwafikie wenyewe."

Choo cha mama ndicho kilichokuwa chini kuliko vyote nyumbani, na karibu zaidi na shimo. Cha Mshoni, upande wa mbele, kilikuwa kikisuasua tu. Na mama, kwa heshima yake, hakutaka mtu mwingine amsafishie bafu. Mshoni alimgeukia mdogo wake, na hata pale, mbele ya kitanda, swali lililomtoka lilikuwa lilelile.

"Sasa kwako alikuwa anafuata nini kila asubuhi?"

"Choo, dada," Msusi akasema. "Alikuwa anakuja chooni. Hata chai alikuwa hataki. Anasema nikinywa huku, mkubwa ataumia."

Mshoni akatoka nje. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akazitazama kucha zake, ambazo bado zilikuwa na mikwaruzo ya ule waya wa kufungia bati.

Mama alipopata nafuu alipelekwa kwa Msusi, na hapakuwa na la kujadili. Wala Mshoni hakusubiri kushauriwa. Alimwita fundi yuleyule wa vigae, akamwambia, "Vunja." Fundi hakuuliza wapi. Gari la kunyonya likaja, bomba likaingia, mashine ikanguruma, na bomba halikuvuta kitu. Uchafu ulikuwa umeganda kama matope ya mto uliokauka. Wakamwaga maji, wakakoroga kwa miti mirefu, wakavuta kidogo, wakakoroga tena, siku baada ya siku. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Wahenga hao hawakuwa na shimo lililowekewa vigae. Mtaa mzima ulifunga madirisha, na watoto wenye sare za Mshoni walipita mbio wameziba pua. Kisha ikaonekana lile shimo la pili halinywi tena, na ni lazima lingine lichimbwe upande wa maua.

Kwa hiyo choo cha nyumba nzima kikafungwa. Na Mshoni, mwanamke aliyekataa kuchangia gari, akawa anapita kila asubuhi kwenye lile pengo na ndoo yake, Dereva nyuma yake na taulo begani, wanapiga hodi kwa Msusi kwenda chooni. Wateja walisogeza magoti wapite. Yule asiye na kufuli mdomoni aliwahi kusema, "Karibuni wastaarabu," na Dereva akacheka mpaka akakohoa. Mshoni aliingia, akafunga mlango, akakagua kuta na sakafu. Kona moja ilikuwa na kigae kilichopinda. Alirudi kukitazama kila siku, na kila siku kilimpa nafuu kidogo.

Jioni moja alimkuta mama amekaa kwenye kiti kibarazani, miguu ndani ya beseni, na Msusi amepiga magoti anamwosha. Mshoni alisimama. Kuosha ile miguu ilikuwa kazi yake.

"Mama, shimo jipya limekwisha. Chumba chako nimekipaka rangi. Turudi nyumbani."

"Nitabaki hapa, mwanangu."

"Mbona hukuniambia tangu mwanzo? Ningetengeneza."

"Ningekuambia choo kimeharibika, ungesema nani kanituma." Alisema bila hasira. "Si ungesema hivyo?"

Macho ya Mshoni yakashuka kwenye beseni, kwenye mikono ya mdogo wake iliyojaa povu, na moyo ukamchoma palepale pa zamani, pale hasa. Akapiga magoti.

"Sogea," akamwambia Msusi. "Hujui kumwosha. Huyu vidole vyake vinataka kutenganishwa kimoja kimoja."

"Nimemwosha mwezi mzima, dada."

"Ndiyo nasema."

Msusi akasogea, akamwachia mguu wa kulia, akabaki na wa kushoto. Wakaosha. Mama akafumba macho. Mshoni alisugua kisigino, akatenganisha vidole, akasuuza, halafu akapeleka jicho kwenye mguu wa pili kuona ni upi umetakata zaidi.